Biashara ya mpaka wa Tunduma: Nani anaaminiwa, nani anapekuliwa

Na Mwandishi Wetu, Galula

MFANYABIASHARA anayetoka Galula na mchele au ufuta wa Bonde la Rukwa akifika Mbalizi huwa na njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni Kiwanja cha Ndege cha Songwe, kilichofunguliwa Desemba 2012, ambako anaweza kupanda ndege kwenda Dar es Salaam na kuendelea hadi Dubai au Guangzhou kutafuta bidhaa. Ya pili ni barabara kuu ya Zambia, kupitia Mlowo na Vwawa hadi Tunduma. Njia zote mbili zinamfikisha mbele ya dirisha la ofisa wa uhamiaji, na hapo saa zake zinaanza kugeuka kuwa fedha.

Katika nchi nyingine wapo wasafiri wa biashara wasiopanga foleni hiyo. Serikali zimekwisha kuwachunguza, zikawapa kadi au kuwaandikisha kwenye kompyuta, nao hupita kwa dakika chache. Wasomaji wetu wa Songwe na Mbeya wana haki ya kuuliza: je, mpango wa namna hiyo upo kwa ajili yetu? Jibu fupi ni kwamba upo kwa mzigo, lakini kwa mtu bado. Tofauti hiyo ina gharama, na inafaa ieleweke.

Wenzetu wanavyofanya

Marekani ilianza mapema. Mwaka 1993 ilifungua mpango ulioitwa INSPASS, ambapo msafiri wa mara kwa mara alitambuliwa kwa umbo la kiganja chake. Mpango huo ulikufa, na mwaka 2008 ikaanza Global Entry inayoendelea hadi sasa. Mwombaji hujaza fomu, huchukuliwa alama za vidole, huhojiwa na ofisa, na akikubaliwa hupata miaka mitano. Ada ilikuwa dola 100; tangu Oktoba 2024 ni dola 120. Kosa moja la forodha, hata la kuficha bidhaa ndogo, linatosha kumfuta mtu.

Nchi za Asia na Pasifiki zilizo katika umoja wa APEC zilianza mwaka 1997 kutoa kadi ya msafiri wa biashara. Mwenye kadi hiyo hukubaliwa mapema na nchi shiriki, hivyo haombi viza kila safari, na kwenye viwanja vya ndege ana dirisha lake.

Mtanzania wa kawaida hayumo katika mipango hiyo. Hakuna nchi ya Afrika iliyo katika APEC, na Global Entry ni ya raia na wakazi wa kudumu wa Marekani pamoja na raia wa nchi chache zilizokubaliana nayo. Tena mambo yalikwenda kinyume mwaka 2025. Marekani ilitangaza kwamba waombaji wa viza za biashara na matembezi kutoka Zambia, kuanzia Agosti, na kutoka Tanzania, kuanzia Oktoba, wanaweza kutakiwa kuweka dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000 kabla ya kupewa viza. Wakati mwenzake anauziwa uaminifu kwa dola 120 kwa miaka mitano, wetu aliombwa rehani.

Bara letu nalo limeahidi mengi. Pasipoti ya Umoja wa Afrika ilizinduliwa Kigali Julai 2016, na nakala za kwanza wakapewa wakuu wa nchi. Mkataba wa watu kusafiri huru barani ulifuata mwaka 2018. Unahitaji nchi 15 ziuridhie ili uanze kazi; hadi mwaka 2024 zilizokuwa zimeridhia ni nne tu.

Tunduma si Namanga

Kwa mfanyabiashara wa mkoa huu jambo kubwa zaidi liko hapa hapa mpakani. Anayevuka Namanga, Sirari au Mutukula yumo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ana utaratibu rahisi wa forodha kwa mzigo usiozidi dola 2,000, wenye cheti kimoja chepesi cha uasili wa bidhaa. Pasipoti ya Afrika Mashariki ilianza kutolewa mwaka 1999, na tangu 2018 Tanzania inatoa pasipoti ya kielektroniki yenye nembo ya Jumuiya.

Tunduma haina unafuu huo wa Jumuiya, kwa sababu Zambia haimo. Zambia imo COMESA, na soko hilo nalo lina utaratibu wake rahisi kwa wachuuzi, lakini Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Kwa hiyo mwanamke wa Chipata anayevuka kwenda Malawi na magunia machache ana karatasi iliyotengenezwa kwa ajili yake. Mwenzake wa Galula anayevuka kwenda Nakonde amekaa katikati ya jumuiya mbili, na karatasi ya kila upande haimtambui. Kinachowaunganisha wote wawili ni SADC, ambayo eneo lake huru la biashara lilizinduliwa mwaka 2008. Cheti cha uasili cha SADC ndicho kinachoondoa au kupunguza ushuru, ingawa taratibu zake hazikupangwa kwa kumfikiria mtu mwenye magunia kumi.

Nafuu kubwa iliyopatikana ni Kituo cha Huduma kwa Pamoja, kilichozinduliwa na marais wa nchi mbili Oktoba 2019. Badala ya kusimama mara mbili, anayetoka Tanzania humaliza shughuli za nchi zote mbili upande wa Nakonde, na anayeingia humaliza Tunduma. Hata hivyo, kituo hicho kimepunguza madirisha. Hakikugusa kiwango cha kuaminiwa. Aliyevuka mara mia bila kosa na anayevuka leo kwa mara ya kwanza wanasimama mstari mmoja.

Mzigo unaaminiwa, mtu haaminiwi

Hapa kwetu uaminifu hutolewa kwa kampuni. Mamlaka ya Mapato, TRA, pamoja na mamlaka nyingine za Afrika Mashariki, ina mpango wa wafanyabiashara walioidhinishwa, unaojulikana kwa herufi AEO. Msingi wake ni kanuni za usalama wa biashara za Shirika la Forodha Duniani za mwaka 2005. Waagizaji, wauzaji nje, wenye maghala, wasafirishaji na mawakala wa forodha wanaweza kuomba. Wanapimwa kwa rekodi ya kulipa kodi, utunzaji wa vitabu vya hesabu, uwezo wa kifedha na usalama wa mizigo. Anayefaulu hupekuliwa mara chache zaidi na mzigo wake huondoka mapema.

Huo ni mpango mzuri, lakini mfanyabiashara anayepanda basi na magunia yake kwenye buti hana ghala wala mhasibu. Yeye ni msafiri na ni mzigo kwa wakati mmoja. Mpango wa kampuni ni mkubwa kwake, na mpango wa msafiri haupo.

Hesabu ya siku

Jambo lingine ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa ni hesabu ya siku. Raia wa Tanzania haombi viza kwenda Zambia. Lakini kanuni za uhamiaji za Zambia zinampa mgeni wa biashara siku 30 tu ndani ya miezi 12. Mgeni wa matembezi ndiye anayeweza kufika siku 90. Tuchukue mfano wa mtu anayevuka kila wiki na kutumia siku mbili. Safari 15 zinamaliza siku zake zote, yaani chini ya miezi minne. Akisema anakwenda kutembea ilhali ana mzigo, amejitengenezea kosa.

Ndipo wengine wanapochagua njia za panya, kwani Tunduma na Nakonde zimeshikana kama mji mmoja. Hasara ya kwanza inajulikana: mzigo ukikamatwa unataifishwa. Hasara ya pili haisemwi sana. Apitaye njia ya panya miaka kumi hana hata muhuri mmoja wa kuonyesha. Siku akitaka mkopo benki, au viza, au kuingia mpango wa TRA, yeye ni mgeni kabisa.

Ushauri wa ukurasa huu

Kwanza, kata pasipoti ya kawaida yenye kurasa za kutosha. Gharama yake inarudi haraka kwa anayevuka kila mwezi kuliko kuhangaika na hati za muda.

Pili, kabla mzigo wa mazao haujaondoka Galula, hakikisha una TIN, kibali cha kusafirisha mazao nje, cheti cha afya ya mimea na cheti cha uasili. Magari mengi hukwama kwa kukosa karatasi moja ambayo ingepatikana kabla ya safari.

Tatu, wanaovuka na mizigo midogo waungane. Magunia ya watu kumi kwenye gari moja, chini ya wakala wa forodha aliyeidhinishwa, yanaazima uaminifu wa wakala huyo. Uliza wakala akuonyeshe cheti chake kabla ya kumlipa.

Nne, tunza stakabadhi kwa tarehe. Faili lenye mihuri na risiti za miaka mitatu ndiyo kadi pekee ya uaminifu ambayo mfanyabiashara mdogo anaweza kujitengenezea leo.

Mwenye kuweka fedha katika biashara za wengine naye akumbuke kwamba kadi haimlindi mtu na amri. Juni 2017 Serikali ilipozuia mahindi ghafi kwenda nje, wenye rekodi safi na wasio nazo walisimama pamoja. Usiweke mtaji wote kwenye zao moja na mpaka mmoja.

Kwa upande wa Serikali za nchi mbili, kompyuta za kituo cha pamoja zinaweza kuhifadhi rekodi ya kila anayevuka. Kadi ya mwaka mmoja kwa wachuuzi wa Songwe na Muchinga, yenye alama za vidole na masharti makali ya kuifuta, haihitaji jengo jipya. Inahitaji makubaliano ya kuhesabu siku zao kwa namna nyingine. Mkombozi wa eneo huru la pamoja la COMESA, EAC na SADC, lililoanza kisheria Julai 2024, atapimwa hapo: je, mtu wa magunia kumi atavuka kabla soko la Nakonde halijafungwa?