Kabla ya Kutia Sahihi Kuacha Fungu Lako la Shamba

Mwenye shamba akifa bila kuandika wasia, watoto wake hukaa pamoja kuzungumza habari ya urithi. Mara nyingi binti aliyeolewa huambiwa, "Wewe dada una shamba kwa mumeo, tia sahihi hapa." Naye hutia. Je, ametia sahihi ya jambo gani? Hilo ndilo nitakalokueleza, msomaji, kwa maana watu huja kuuliza ofisini wakati shamba limekwisha kuandikwa jina la mtu mwingine.

Kuacha haki yako kwa hiari si kosa. Ukitaka kumwachia ndugu yako, ni ruhusa. Lakini yafaa kwanza ujue unachokiacha. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inasema kwamba ikiwa baba na mama wote wamekufa, mali hugawanywa sawasawa kwa watoto, waume kwa wake, walioolewa na wasioolewa. (Waislamu hufuata sheria ya dini yao, na ziko sehemu chache za nchi ambako mashamba hufuata mila.) Tuseme mzee aliyekuwa na mke mmoja ameacha eka 6, na watoto wake ni wanne. Kila mmoja ana eka moja na nusu. Mama akiwa hai, yeye hukaa na kulima shamba lile maisha yake yote, wala haliuzwi bila ruhusa ya korti.

Sasa angalia kartasi zenyewe, maana ziko mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza hutiwa sahihi mwanzoni, pamoja na barua ya Chifu yenye majina ya warithi wote. Katika kartasi hiyo unakubali kwamba ndugu yako awe msimamizi wa mirathi. Basi. Msimamizi ni mtunzaji tu, na fungu lako bado ni lako. Kama baadhi ya warithi ni watoto wadogo, sheria inataka wasimamizi wasiopungua wawili, na hakuna mtu mzima awezaye kuacha fungu la mtoto kwa niaba yake nyumbani kimyakimya.

Kartasi ya pili huja baadaye, kwa kawaida baada ya miezi sita, wakati korti inapoombwa kuthibitisha ugawaji. Hapo huandikwa majina na kila mmoja apate eka ngapi. Hiyo ndiyo ya kusoma polepole. Jina lako likiwa halimo, au limo bila eka, na wewe ukatia sahihi, umeacha. Kama hujui kusoma lugha iliyotumika, mwombe mtu usiyegawana naye urithi akusomee. Usikubali kutia sahihi, wala kidole gumba, kwenye kartasi tupu eti itajazwa kesho. Na ukiacha, andika unamwachia nani: ndugu mmoja, au wote waliobaki. Usipotaja, ugomvi utawaachia watoto wenu.

Wengine huacha kwa kuogopa shamba kukatwa vipande visivyotosha hata mistari ya mahindi. Hofu hiyo ni ya haki. Mimi pia sipendi kuona eka moja ikikatwa mara tano. Lakini si lazima kukata. Shamba laweza kubaki moja, hati moja, na majina yenu yote ndani yake pamoja na fungu la kila mtu. Kaka alime, nawe mpatane juu ya mavuno. Fungu lako likiandikwa hivyo, ukifa huenda kwa watoto wako.

Ikiwa sahihi yako imeghushiwa, au ulifichwa habari, korti yaweza kufuta hati ya usimamizi hata baada ya kuthibitishwa. Lakini shamba likiwa limeuzwa kwa mtu wa mbali, kazi huwa ngumu na gharama kubwa. Kwa hiyo usingoje. Maombi ya urithi hutangazwa katika Gazeti la Serikali, na siku 30 hutolewa kwa mwenye pingamizi. Ukisikia habari ya kesi kama hiyo, nenda kortini na kitambulisho chako na nambari ya shamba, umwombe karani akuonyeshe faili.