Kisiwa cha Mvua Nyingi Bila Mto



Katika somo la jiografia tumezoea kusema: pahali mvua ni nyingi, mito nayo ni mingi. Sisi wa Kongo tunasadiki bila shida, maana mito tunayo ya kutosha. Lakini katika Bahari ya Hindi, kati ya Msumbiji na Madagaska, kuna visiwa vya Komori, na huko neno hilo linapinduka.

Visiwa vikubwa ni vine: Ngazidja, Mwali, Nzwani na Maore. Kwenye ramani za Kifaransa mtaviona kwa majina ya Grande Comore, Mohéli, Anjouan na Mayotte. Vitatu vya kwanza vilijitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975. Maore ilibaki na Ufaransa. Wenyeji wanasema Kikomori, ndugu ya Kiswahili. Ukisikiliza kwa makini utakamata neno moja moja.

Sasa, Ngazidja ndicho kikubwa kuliko vyote. Mlima wake Karthala, wenye mita 2,361, unasimamisha mawingu ya bahari, na mji wa Moroni ulio chini yake unapata zaidi ya milimita 2,500 za mvua kwa mwaka. Hata hivyo kisiwa kizima hakina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Juu ya nini?

Sababu iko ndani ya jiwe. Karthala ni volkano hai mpaka leo, na lava yake ingali changa: imejaa nyufa na matundu kama mkate. Mvua ikinyesha, maji hayatembei juu, yanazama. Wenzetu wa Goma wanajua hali hiyo bila kufundishwa. Wanakaa juu ya mawe ya Nyiragongo, ile iliyotoa moto 2002 na tena 2021, na wengi wanabeba bidoni za maji kutoka ziwani. Lakini Ziwa Kivu si chumvi. Ngazidja imezungukwa na chumvi tupu.

Yale maji yaliyozama hayapotei. Maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari, basi yanaelea juu yake, huko chini ya kisiwa. Karibu na pwani kisima kinayapata, lakini ukiyavuta kwa pupa, chumvi inapanda. Kwa vijiji vya juu mlimani sherti kuchimba mbali sana, ndiyo maana watu wanajenga matangi ya simenti na kukinga mvua ya paa. Mwaka 2005 Karthala ilitupa majivu, yakaingia ndani ya matangi hayo. Fikirini: maji ya nyumba yameharibika, na mto wa kukimbilia haupo. Hapa internati robine ikikauka asubuhi moja tu, kelele zinamfikia prefe kabla ya kengele!

Mwali na Nzwani ni vizee zaidi. Huko lava imeoza zamani, ikageuka udongo mzito unaozuia maji, na kwa hiyo mabonde na mito yapo. Lakini Nzwani watu ni wengi na milima ni mikali. Msitu ulikatwa kwa mashamba, tena kwa kuni za kuchemsha maua ya ilangi-ilangi, ambayo mafuta yake yanauzwa ng’ambo kwa marashi. Mvua inatelemka mbio pamoja na udongo, na mito mingi iliyokuwa ya mwaka mzima inaonekana sasa wakati wa mvua tu. Kwa maoni yetu hilo ndilo la kusikitisha zaidi: kisiwa kilichopewa mito kinaanza kufanana na kile kisicho nayo.

Maore ndiyo mzee wa wote, wa mamilioni ya miaka. Imelika na kuzama kidogo kidogo, mpaka imezungukwa na ukuta wa matumbawe, yaani mawe yanayojengwa na viumbe vidogo vya bahari. Huko pia, katika ukame wa 2023, robine zilifika kutoa maji siku moja kati ya tatu. Na moto wake haukuzimika. Toka Mei 2018 ardhi ilitetemeka mara nyingi, na mwaka 2019 wataalamu wakakuta volkano mpya kwenye sakafu ya bahari, kama kilometa 50 upande wa mashariki. Imeinuka mita 800 na zaidi, lakini kilele chake kiko bado mbali sana chini ya maji.