Salamabila: Mashimo ya dhahabu yaliyoachwa wazi yanazalisha mbu wa malaria

Mvua ikikatika Salamabila, wilaya ya Kabambare kusini mwa jimbo la Maniema, maji hubaki ndani ya mashimo. Dhahabu ya eneo hili la Namoya imechimbwa tangu enzi za Wabelgiji. Wachimbaji wadogo wakihamia shimo jipya, la zamani mara nyingi huachwa wazi.

Shimo ambalo watu wanafanyia kazi kila siku halimpendezi sana mbu wa malaria, kwa sababu maji yake huvurugwa na kutolewa. Lililoachwa ndilo la hatari. Maji yake yametulia na yanapata jua, na hapo ndipo anofelesi jike anapenda kutaga mayai. Katika joto la Maniema, mayai hayo huweza kuwa mbu kamili baada ya wiki moja au mbili. Mbu huyo haruki mbali sana: nyumba zilizo karibu ndizo anazozifikia kwanza.

Anofelesi huuma zaidi usiku, wakati wachimbaji wengi wanalala chini ya maturubai karibu na machimbo, bila chandarua. Homa haianzi siku ileile. Huchukua siku saba au zaidi, hivyo mtu anaweza kuambukizwa machimboni na kuugua akiwa nyumbani, ambako mbu wengine wanaweza kutoa vimelea kwake na kuvipeleka kwa watoto.

Vita navyo vimezidisha shida. Mara kadhaa mapigano kati ya jeshi na Mai-Mai Malaika yamewalazimisha wakaaji kukimbilia porini. Anayekimbia usiku hubeba mtoto, si chandarua.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (OMS), malaria iliua watu wapatao 597,000 duniani mwaka 2023, wengi wao watoto wa Afrika walio chini ya miaka 5. Kongo ni ya pili kwa idadi ya wagonjwa, baada ya Nigeria. Mwezi wa Oktoba 2024 nchi ilianza kutoa chanjo ya malaria kwa watoto, ikianzia jimbo la Kongo-Central.

Lakini kufukia shimo hakungojei chanjo. Sepeto na udongo uleule uliotolewa vinatosha. Pasipowezekana kufukia, mfereji wa kutoa maji kila wiki huua viluwiluwi kabla havijaota mabawa. Chandarua nacho kinaweza kufungwa hata chini ya turubai.

Mtoto akipata homa, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo apimwe damu ya kidole, badala ya kununuliwa vidonge sokoni kwa kubahatisha. Akishikwa na degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, au viganja vikiwa vyeupe, hapo hakuna kungoja kesho.