Shubiri, Mkilifi na Mtihani wa Soriasisi

Mtu wa Msambweni, Kwale, katika pwani ya Kenya, akitokwa na mabaka yenye magamba meupe viwikoni na magotini, ushauri humfikia haraka: paka shubiri, chemsha mkilifi (mwarobaini) ujikande. Huenda mabaka hayo si choa wala ukurutu, bali soriasisi, ugonjwa usioambukiza ambapo kinga ya mwili huichochea ngozi ijizalishe kupita kiasi. Seli ambazo kwa kawaida huchukua takriban mwezi kukomaa na kupukutika humaliza safari hiyo kwa siku chache, zikarundikana.

Miti si ya kudharauliwa. Dithranoli, dawa ya kupaka ya tangu mwaka 1916, iliundwa kwa kuiga kemikali ya unga wa mti wa araroba wa Brazil. Lakini kutoka mti hadi dawa kuna mtihani mrefu.

Kwanza hutafutwa usalama. Kwa mfano, mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akiwemo Joseph Nguta, walichapisha matokeo ya utafiti wao kuhusu mimea inayotumiwa Msambweni kutibu malaria. Kisha walipima sumu ya baadhi ya dondoo za mimea hiyo kwa viumbe wadogo wa majini wa jamii ya kamba, wanaoanguliwa katika maji ya chumvi. Wengi wakifa kwa kipimo kidogo cha dawa, hiyo ni ishara ya hatari.

Kwa soriasisi, dondoo hutiwa pia kwenye seli za ngozi zilizokuzwa maabara, kuona kama kasi yake ya kuzaliana itapungua. Hapa pana mtego: hata jiki ingezizuia seli hizo, kwa kuziua. Kwa hiyo lazima ipimwe pia kama seli zenye afya zinasalimika, na kama kemikali zinazochochea uvimbe zinapungua.

Mtihani mkuu ni kwa binadamu. Katika jaribio la mwaka 1996 lenye wagonjwa 60, krimu ya shubiri ya *Aloe vera* iliwaponya asilimia 83, dhidi ya asilimia 7 waliopewa krimu isiyo na dawa. Mwaka 2005, watafiti wa Denmark walipaka jeli ya shubiri upande mmoja wa mwili na jeli tupu upande wa pili: nafuu ilionekana kwa asilimia 72.5 ya wagonjwa upande wa shubiri, na 82.5 upande wa jeli tupu! Soriasisi hupanda na kushuka yenyewe, na kulainisha ngozi peke yake huleta nafuu. Bila kulinganisha, sifa huenda kwa dawa isiyostahili. Tena, shubiri mwitu ya Kwale si lazima iwe *Aloe vera*, hivyo matokeo ya moja si lazima yaihusu nyingine.

Ukiwa na mabaka yasiyokwisha, nenda hospitali yatambuliwe kwanza. Ukitumia mti wowote, mwambie daktari, usiupake kwenye ngozi iliyopasuka, wala usiache dawa ulizoandikiwa.