Upangaji Uzazi: Mila, Siasa na Afya ya Mama

Mada yetu leo ni jambo ambalo huletwa jukwaani kila uchaguzi unapokaribia: idadi ya watoto.

Siku moja nikiwa zamu kliniki alikuja mama mwenye mtoto wa miezi 11 mgongoni, na tayari alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Alikuwa ameacha kuja kudungwa sindano ya kupanga uzazi. Nilipomwuliza sababu alisema, "Sista, kiongozi mmoja alisema mazishini kwamba tukiendelea na sindano hizi, jamii yetu itakosa kura. Mzee wangu alikuwa pale akasikia." Tulipompima, damu yake ilikuwa imepungua, na mtoto alikuwa amepoteza uzito. Aliyetoa hotuba hakuwa pale kliniki kuona hayo.

Siasa hii ya idadi si ya leo. Kenya ilianzisha mpango wa kitaifa wa upangaji uzazi mwaka wa 1967, ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza kusini mwa Sahara. Hata hivyo, mwishoni mwa miaka ya 1970 mama wa Kenya alikuwa akizaa wastani wa watoto wanane. Tangazo la serikali peke yake halikubadilisha nyumba za watu. Uchunguzi wa afya wa kitaifa wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba wastani huo umefika watoto 3.4. Familia zenyewe ndizo zilizoamua, polepole, mama kwa mama.

Wapo wanaosema kwamba kupanga uzazi ni kuacha mila. Katika baraza moja la chifu, mzee mmoja alisimama akaniambia, "Binti yangu, mambo haya ni ya wageni. Mama yangu alizaa wanane bila dawa." Nikamwuliza, "Mzee wangu, wewe na anayekufuata mmepishana miaka mingapi?" Akafikiri kidogo, akasema, "Mitatu. Mtoto alinyonya mpaka aweze kutumwa. Na baba alikuwa na wake wawili." Watu wakacheka, naye akacheka.

Kumbe wazee wetu walipanga. Huko Pwani, watu huonya wazazi wasije wakambemenda mtoto, yaani wasikutane kimwili mapema wakati mtoto bado ananyonya. Ukweli ni kwamba tendo la ndoa haliharibu maziwa. Lakini walichokiona wazee ni cha kweli: mimba ikiingia upesi, mtoto huachishwa ziwa mapema na hudhoofika. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri mama angoje angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine. Hapo mila na kliniki zinasema neno moja.

Kilichobadilika ni maisha. Mama anarudi kazini mapema, mtoto anaanzishwa uji kabla ya wakati, na mke na mume wanaishi chumba kimoja cha kupanga. Njia ya zamani ya kutengana haiwezekani tena kwa wengi. Kunyonyesha bado kunazuia mimba, lakini kwa masharti matatu yote kwa pamoja: mtoto awe chini ya miezi sita, anyonye maziwa ya mama pekee usiku na mchana, na hedhi iwe haijarudi. Sharti moja likivunjika, tafuta njia nyingine mara moja. Usingoje hedhi, kwa maana mimba inaweza kuingia kabla haijarudi.

Sasa turudi kwa wanasiasa. Hofu yao tusiidharau. Tangu mwaka wa 2013 kaunti hugawiwa fedha, na idadi ya watu ni moja ya vigezo vinavyotumiwa. Jamii ndogo ina haki ya kuogopa kusahauliwa. Lakini mtoto anayezaliwa leo atapiga kura baada ya miaka 18. Kabla ya hapo anahitaji maziwa, chanjo, chakula na karo. Jamii huongezeka kwa watoto wanaoishi na kwa mama anayebaki hai kuwalea.

Vilevile, hakuna mwenye haki ya kumtukana mama maskini kwa sababu ana watoto wengi, wala kumlazimisha apange. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya huduma za afya, pamoja na afya ya uzazi. Haitaji idadi ya watoto. Uamuzi ni wa mama na mumewe, wakiwa na habari za kweli.

Habari hizo ni hizi:

- Sindano inayotumiwa sana hukinga miezi mitatu. Ukiiacha, mimba inaweza kuchelewa miezi kadhaa, lakini kizazi hakijaharibika.
- Vijiti vya mkononi hukinga miaka 3 au 5 kulingana na aina. Koili ya shaba hukinga miaka 10 au zaidi. Vyote hutolewa wakati wowote ukitaka mtoto.
- Damu inaweza kubadilika mpangilio. Usinyamaze, rudi kliniki. Njia inaweza kubadilishwa.
- Anayenyonyesha asitumie tembe zenye homoni mbili mpaka mtoto afikishe miezi sita. Zipo zinazomfaa.
- Kondomu pekee ndiyo inayokinga pia virusi vya Ukimwi.
- Kwa wanaofuata mafundisho ya dini, zipo njia za kuhesabu siku. Mwulize muuguzi akufundishe vizuri.

Mama mtu mzima hahitaji sahihi ya mume ili ahudumiwe. Lakini nimeona nyumba zikitulia pale baba alipokuja pamoja naye. Yule mzee wa sindano alikuja mimba ilipofika miezi sita. Aliuliza maswali mengi kuliko mkewe. Alijifungua salama, na sasa wana kijiti.

Maswali ya kikundi: Bibi zetu walipisha watoto vipi? Ni lipi katika mila hiyo tunaweza kulihifadhi leo?