Umeme Hauna Harufu: Tukague Nyaya Kabla ya Msimu wa Senene

Msimu wa senene ukikaribia, vijana wa Bukoba na Muleba huanza kutafuta mabati, mapipa na balbu kubwa. Mvua za Novemba zikishanyesha, senene hushuka usiku kwa wingi. Mtego hutengenezwa hivi: mabati husimamishwa wima, chini yake huwekwa mapipa, na juu huwashwa taa kali. Senene huvutwa na mwanga, hugonga bati, huteleza na kuanguka ndani ya pipa. Asubuhi mama huenda sokoni na ndoo iliyojaa, na watoto hupata sare na madaftari.

Hii ni kazi halali na ina faida. Lakini tuangalie vitu vinavyokutana mahali pale: umeme, bati, mvua, nyasi zenye maji, na watu wasiovaa viatu. Vitu hivyo vikikutana bila utaratibu, mtu hufa.

Mimi si fundi wa umeme. Mimi ni tabibu msaidizi wa zahanati. Fundi huiona waya. Mimi humwona mtu anayeletwa baada ya waya kufungwa vibaya.

USIKU MMOJA ZAHANATI

Mwaka juzi, usiku wa manane, niligongewa mlango. Vijana walikuwa wamemleta mwenzao kwa pikipiki, wamemshikilia katikati. Upepo ulikuwa umeinamisha bati la mtego wao. Kijana yule alilishika ili alinyooshe. Waya wa taa ulikuwa umeungwa kwa kusokotwa tu, kisha ukafungwa kipande cha mfuko wa plastiki. Ukingo wa bati ulikuwa umeukata mfuko ule. Bati zima lilikuwa na umeme.

Kijana aliposhika hakuweza kuachia. Kaka yake alimkumbatia ili amvute, naye akarushwa chini. Nilimminya mgonjwa kifua kwa muda mrefu, tukipokezana na wenzake. Hakuamka. Kaka yake alipona. Kiganjani ana kovu.

Sijalisahau jambo hili, na nitawaambia kwa nini. Siku tatu kabla, nilipita pale pale kununua senene. Niliuona mfuko ule wa plastiki kwenye waya. Nikasema moyoni, "Hiyo ni kazi ya fundi, si yangu." Nikalipa, nikaenda zangu. Ndiyo sababu naandika leo.

JE, UMEME HUUAJE?

Umeme wa majumbani kwetu ni wa volti 230. Huja kwa waya mmoja, hupita katika balbu, kisha hurudi kwa waya wa pili. Waya unaoleta umeme huitwa waya wa moto. Umeme hutafuta njia ya kurudi wakati wote. Ardhi nayo ni njia mojawapo. Basi mtu akigusa waya wa moto huku amesimama chini, mwili wake unakuwa njia.

Moyo wa binadamu hupiga kwa kufuata umeme mdogo sana ulio ndani ya mwili wenyewe. Umeme wa nje ukipita kifuani, mpangilio huo huvurugika. Moyo hutetemeka tu, hausukumi damu. Misuli ya mkono nayo hukaza. Ndiyo maana mtu hushindwa kuachia waya, hata kama anataka.

Umeme unaopita hupimwa kwa ampea. Chukua ampea moja, uigawe sehemu 1,000. Sehemu 30 tu zikipita kifuani zinaweza kuhatarisha maisha. Balbu moja ya wati 100 hupitisha sehemu zaidi ya 400. Kwa hiyo mtu asiseme, "Ni umeme wa taa tu." Umeme wa taa moja unatosha kuua.

Ngozi iliyolowa hupitisha umeme kwa urahisi kuliko ngozi kavu. Kwa hiyo usiku wa mvua, katika nyasi, hatari huongezeka.

Moshi hutuonya kwa harufu. Nyoka huonekana. Umeme hauna harufu wala rangi, wala haupigi kelele. Bati lenye umeme linafanana kabisa na bati lisilo na umeme. Kwa sababu hiyo hatuwezi kujilinda kwa macho peke yake. Tunalindwa na vitu ambavyo fundi ameviweka mapema.

VITU VITATU VYA KUMWULIZA FUNDI

1. Waya wa ardhi. Mafundi wengine huuita ethi. Rangi yake ni kijani yenye mstari wa njano. Waya huu huunganishwa na fimbo ya chuma iliyopakwa shaba, ambayo hugongomelewa ardhini karibu na nyumba. Fimbo hiyo kwa kawaida ina urefu wa mita 1.2 au zaidi. Kazi ya waya huu ni kuupa umeme uliovuja njia nyingine, usipite mwilini mwa mtu. Mafundi wasio waaminifu huiacha fimbo hiyo ili wapunguze gharama. Taa zitawaka vizuri bila waya wa ardhi. Utajua kwamba haupo siku ya ajali.

2. Kikatio cha uvujaji. Watu wengi hufikiri kwamba sakiti breka ya kawaida humlinda mtu. Sivyo. Sakiti breka ya kawaida huzuia nyaya zisipate moto na kuchoma nyumba. Ile ya ampea 20 husubiri mpaka umeme uzidi ampea 20. Mtu hufa kwa umeme mdogo kuliko huo mara mia nyingi. Kinachomlinda mtu ni kikatio kingine, ambacho hulinganisha umeme unaokwenda na umeme unaorudi. Ukipungua njiani, hutambua kwamba unavuja, nacho hukata kabla sekunde moja haijatimia. Tafuta kilichoandikwa 30 mA. Kina kitufe kidogo chenye herufi T. Bonyeza kitufe hicho mara kwa mara. Kikifanya kazi, umeme utakatika. Usipokatika, mwite fundi.

3. Viungio vilivyofungwa. Waya usiungwe kwa kusokota na kufunika kwa plastiki, kitambaa au gundi ya karatasi. Kiungio kiwe ndani ya kisanduku chake, kimekazwa kwa skrubu na kufunikwa. Waya wa ndani ya nyumba usitumike nje kwenye jua na mvua. Na swichi ya taa ikate waya wa moto. Swichi ikikata waya wa pili, taa itazimika, lakini mshikio wa balbu utabaki na umeme. Anayebadilisha balbu atapigwa.

NANI AFANYE, NANI AKAGUE?

Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulianza kazi mwaka 2007. Tangu hapo nguzo zimefika katika vijiji vingi ambavyo zamani vilitumia vibatari. Pale ambapo nyumba haina nyaya, familia nyingine zimetumia kifaa cha UMETA, maana yake Umeme Tayari. Hayo ni maendeleo. Lakini umeme ulipofika, watu waliojiita mafundi nao waliongezeka.

Fundi wa kufunga umeme anatakiwa awe na leseni ya EWURA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji. Leseni zina madaraja, na kila daraja lina mipaka ya kazi. Mwombe fundi akuonyeshe leseni yake kabla hujampa fedha. Si matusi. Hata mimi mgonjwa akiniuliza cheti changu nitamwonyesha.

Nyaya za nje hadi kwenye mita ni za TANESCO. Zinazotoka kwenye mita kuingia ndani ni zako mwenyewe. Kwa hiyo ubovu wa ndani ni juu yako na fundi wako.

Kazi ikiisha, taa kuwaka si ushahidi kwamba imekamilika. Fundi apime, nawe uwepo. Kwanza apime kama waya wa ardhi umeungana toka mwanzo hadi mwisho, na kama fimbo inashika ardhi vizuri. Apime kama nyaya zinavuja. Kipimo cha kazi hiyo mafundi hukiita mega. Apime kama waya wa moto na waya wa pili havikubadilishana. Mwisho ajaribu kikatio. Mwambie aandike matokeo na kutia sahihi. Karatasi hiyo itunzwe pamoja na hati za nyumba.

Kwa sisi wa Kagera kuna jambo moja zaidi. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilipasua kuta nyingi. Wengine tuliziba nyufa kwa saruji na kupaka rangi. Waya uliomo ndani ya ukuta uliopasuka unaweza kuwa umechunika au umelegea. Kama nyumba yako ilipasuka na nyaya hazijapimwa tangu siku ile, zipimwe.

Ndani ya nyumba, tuache tabia ya kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kijiti ili plagi ya miguu miwili iingie. Tundu lile ni la waya wa ardhi, na mguu wake ndio ufunguo unaofungua matundu mengine mawili. Ukichokonoa, umevunja kitasa. Na mtoto anayekuona leo, kesho atachokonoa kwa msumari.

KWENYE MTEGO WA SENENE

Basi tukitengeneza mtego, tufuate haya:

1. Fundi mwenye leseni aunganishe umeme. Tusivute waya kwa jirani kupitia dirishani wala juu ya migomba.

2. Kikatio cha 30 mA kiwekwe pale waya unapoanzia, mahali pakavu.

3. Taa ifungwe juu ya mti mkavu, mbali na mabati. Waya usiguse bati mahali popote. Fundi ayaunge mabati na waya wa ardhi, ili yakipata umeme kikatio kikate mara moja.

4. Waya usilale chini kwenye nyasi, na pasiwe na kiungio chochote nje ya kisanduku.

5. Kabla ya kugusa bati, pipa au balbu, zima kwanza. Mtu mmoja akae kwenye swichi, asiondoke. Mabuti ya mpira ni mazuri, lakini hayachukui nafasi ya kuzima.

6. Mvua kubwa au radi ikianza, zimeni muondoke. Senene watarudi kesho.

7. Watoto wasikaribie.

Wanaotumia jenereta wasijidanganye. Jenereta nayo inaua. Mwiteni fundi aikague pia.

MTU AKIPIGWA NA UMEME

Usimguse! Yule kaka alimpenda mdogo wake, na upendo huo nusura umuue. Zima umeme kwanza. Ikiwa swichi iko mbali, simama juu ya ubao mkavu, kisha umsukume mtu au waya kwa mti mkavu au kiti cha plastiki kikavu. Usitumie mgomba wala fimbo mbichi, maana zimejaa maji. Ikiwa ni waya wa nguzo ulioanguka, usikaribie kabisa. Wazuie watu wote na mpigie TANESCO.

Umeme ukishazimwa, mwite na umtikise begani. Asipoitika, na kama hapumui au anakoroma kwa kukatikakatika, usingoje. Tuma mtu atafute usafiri. Mlaze chali mahali pagumu. Weka viganja viwili katikati ya kifua, kimoja juu ya kingine. Minya kwa nguvu, kifua kiingie ndani sentimeta 5 hadi 6, kisha achia. Minya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ukichoka, mwenzako apokee. Aliyefundishwa kumpulizia mtu hewa ampulizie mara 2 kila baada ya kuminya mara 30. Asiyefundishwa aminye tu bila kuacha.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi mahali palipoungua kwa dakika 20. Usipake mafuta, majivu, dawa ya meno wala samli. Usimnyweshe maziwa mtu asiyejitambua, yataingia mapafuni.

Hata akiamka na kusema, "Mimi mzima," mleteni. Kidonda cha umeme huwa kidogo nje na kikubwa ndani. Moyo nao unaweza kuvurugika baadaye.

Ndugu wasomaji, mimi nilinyamaza kwa sababu niliona si kazi yangu. Msimu huu ukimwona jirani amefunga waya kwa mfuko wa plastiki, mwambie. Akikasirika, mwambie tena. Mwalimu, mwenyekiti wa kitongoji, mama anayenunua senene, kila mmoja wetu ni mkaguzi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Waya wa ardhi una rangi gani, na kazi yake ni nini?

2. Kwa nini sakiti breka ya kawaida haitoshi kumlinda mtu?

3. Utamwokoaje mtu aliyeshikwa na umeme, nawe uko karibu na migomba tu?

4. Katika kitongoji chenu kuna mitego mingapi ya senene? Nani ataikagua kabla ya Novemba?