Kinyonga Akishuka Chini, Ana Haja na Udongo

Kinyonga hana kazi chini. Chakula chake kiko matawini, maji yake ni matone ya kwenye majani, na usiku hulala ameng'ang'ania kitawi chembamba ambacho nyoka akikipanda kitamtikisa. Kwa hiyo jike la kinyonga likionekana linavuka uwanja mchana kweupe, aghalabu kuna jambo moja lililolishusha: tumbo limejaa mayai na sasa linatafuta pahali penye udongo laini pa kuyafukia.

Hapo ndipo tunapokutana naye, na hapo ndipo tunapomuua. Dereva wa bodaboda hamwoni. Kuku humdonoa. Kunguru wale weusi walioletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, ambao leo wametapakaa pwani nzima, hawakosi kumwona. Watoto nao humrushia mawe kwa kuwa wakubwa wao wamewafundisha kumwogopa. Makala haya nayaandika kwa ajili ya yule mmoja katika mtaa ambaye hatarusha jiwe, bali atamwokota, kisha atabaki amesimama naye asijue la kufanya.

Hofu ya kinyonga ni ya zamani sana. Katika jamii nyingi za Kibantu husimuliwa kwamba kinyonga alitumwa awapelekee wanadamu habari ya uzima usiokoma, akachelewa njiani, mjumbe mwingine akamtangulia na habari ya kifo. Aliyeitunga hadithi hiyo alikuwa amemtazama mjusi huyu kwa makini, maana mwendo wake kweli ni wa kusita, anasogea mbele, anarudi nyuma, anasogea tena. Lakini kusita huko ni kinga. Akiyumba hivyo hufanana na jani linalopepea, na adui humpita. Sumu hana, hakuna aina yoyote ya kinyonga duniani yenye sumu. Akitishwa hujitunisha, hufoka, na hufunua kinywa chenye rangi ya chungwa ndani. Akiuma hubana kidogo, basi.

Bibi mmoja jirani yetu aliponiona na jike kwenye fimbo alisimama mbali. Nilimwamkia, akaitikia marahaba yake bila kusogea hata hatua moja, kisha akasema, "Mwanangu, mrudishe huyo alikotoka kabla jua halijazama." Yeye alikuwa na sababu zake, nami nilikuwa na zangu, lakini shauri lenyewe lilikuwa jema na nililifuata. Kinyonga asiye na jeraha hahitaji kupelekwa nyumbani kwa mtu. Mvushe barabara kuelekea kule kule alikokuwa anaelekea, mweke pembeni penye majani, ondoka. Usimshike kiunoni wala usimng'oe tawini kwa kumvuta. Mwekee fimbo mbele ya miguu naye atapanda mwenyewe. Mkia wake usiuguse kabisa: mjusi kafiri wa ukutani akikatika mkia huota mwingine, lakini kinyonga akiupoteza hapati tena, na mkia ule ndio mkono wake wa tano.

Kumhifadhi kwa muda kuna sababu chache tu za haki. Labda amejeruhiwa na paka. Labda kichaka chake kimefyekwa leo hii na tingatinga, kama inavyotokea kila wiki katika viwanja vipya vya Goba, Kigamboni au Mtwapa. Labda giza limeingia na hapo ulipomkuta pana mbwa. Ikiwa hivyo, kazi ya kwanza ni kujua umemshika nani.

Aina inayoonekana zaidi pwani na katika sehemu kubwa ya nyanda za chini ni ile ambayo wataalamu huiita Chamaeleo dilepis. Ina mikunjo miwili ya ngozi nyuma ya kichwa, kama masikio ya tembo mdogo. Dume ana kijinundu nyuma ya kisigino cha kila mguu wa nyuma. Jike hana, na kwa kawaida jike ni mkubwa kuliko dume. Jike aliyekaribia kutaga ana ubavu uliojaa vinundu vinavyoonekana chini ya ngozi bila hata kumgusa. Tafadhali usimbinye tumbo ili kuhakikisha. Hukataa chakula, hatulii, na kila ukimpandisha tawini hushuka. Ikiwa macho yake yamejaa na kila moja linazunguka upande wake, na vidole vinabana fimbo kwa nguvu, ni mzima na ana haraka. Macho yaliyodidimia ni kiu. Macho yanayofumbwa mchana ni ugonjwa, awe na mayai au asiwe nayo. Na jike anaweza kubeba mayai hata kama hakupandwa na dume. Hayataanguliwa, lakini lazima ayatoe.

Nyumba yake ya muda isiwe chupa, ndoo yenye mfuniko wala sanduku la kioo. Anahitaji hewa inayopita, vitawi vya unene wa kidole na majani ya kujificha. Njia nyepesi ni kufunika kichaka kidogo uani, mpera mchanga kwa mfano, kwa wavu, na kuchimbia kingo zake ardhini. Hapa nasisitiza jambo moja kwa sababu katika nyumba zetu limekaa karibu mno: usitumie chandarua chenye viuatilifu. Dawa ile imewekwa kuua wadudu, nao wadudu ndio chakula chake. Kwa sababu hiyo hiyo usimpe mende wa jikoni aliyepuliziwa dawa. Mpe panzi na nyenje wa kwenye nyasi, na asipokula usihangaike, kwani jike mwenye mayai yaliyokomaa hana nafasi tumboni.

Maji ni muhimu kuliko chakula. Ukimwekea bakuli atakufa na kiu pembeni yake, maana maji yaliyotuama hayatambui. Nyunyizia majani asubuhi na jioni kwa chupa ya kupulizia, polepole, mpaka matone yaning'inie, nawe utamwona akiyalamba. Jua la asubuhi analihitaji, ila kivuli kiwepo cha kukimbilia.

Baada ya hapo ni udongo, na hapo ndipo uokozi wenyewe ulipo. Jike asiyepata pa kuchimba huyazuia mayai mwilini, na yakizidi kukaa humuua. Kichaka ulichokifunika kiwe na upande mmoja wa udongo uliotifuliwa na kuchanganywa na mchanga, kina chake kisipungue sentimita 30, wenye unyevu wa kadiri: ukiukamata mkononi ushikamane bila kuchuruza maji. Ikibidi akae ndani kwa sababu ya jeraha, ndoo kubwa iliyojazwa udongo huo itafaa. Angalia siafu kabla ya yote. Jike aliyeingia shimoni hawezi kuwakimbia, na kiota chao kikiwa karibu, hamisha mahali.

Atachimba kwa miguu ya mbele, kichwa kikiwa kimezama. Pengine ataacha shimo la kwanza na la pili, akaanza la tatu. Hiyo si dalili mbaya. Akiridhika hugeuka, hushusha nyuma yake shimoni na kutaga, kwa kawaida mayai 25 hadi 50 kwa mara moja, kisha hufukia na kuukanyaga udongo mpaka pasijulikane. Kazi hii huchukua saa nyingi na inaweza kukesha naye. Katika saa hizo wema wako mkubwa ni kutokuwepo. Akihisi anatazamwa huliacha shimo. Tundika kitenge upande wa njia, zuia watoto na simu zao, nenda kalale.

Ikiwa amechimba akaacha, anakakamaa bila kutoa kitu, au ameanza kulegea, usijaribu ufundi wowote nyumbani. Daktari wa mifugo anaweza kumpiga picha, kumpa maji na madini ya kalsiamu ambayo misuli inayahitaji ili kusukuma. Walio karibu na Morogoro wana hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kwingine, muulize daktari wa ng'ombe unayemjua. Hata asipokuwa amewahi kumtibu kinyonga, atajua wa kumpigia.

Msomaji wa Nairobi au Arusha, kwako mambo ni tofauti. Kinyonga wa pembe tatu, Trioceros jacksonii, anayeishi nyanda za juu za Kenya na Mlima Meru, hatagi. Udongo wa baridi wa milimani ungeyachelewesha mayai, basi mama huyabeba mwilini, anaota jua nayo, na baada ya miezi mitano au sita au zaidi huzaa watoto hai, mara nyingi kuanzia 8 hadi 30. Kila mmoja hutoka ndani ya utando unaonata, hudondoka kwenye jani au chini, hujipasulia na kuanza kutembea. Usimtafutie mama huyo ndoo ya udongo. Anataka vitawi vingi, ubaridi wa usiku na jua la asubuhi, na watoto wake hawahitaji kulelewa.

Mama wa pwani akishamaliza utamwona amekonda, ubavu umeingia ndani. Mnyweshe, mpe panzi, na akipata nguvu mwachie asubuhi ili awe na mchana mzima mbele yake. Mwachie pale pale ulipomtoa, au kwenye ua wa karibu zaidi uliosalia. Watu wenye nia njema humpeleka mbali, msituni, wakidhani wamempa zawadi. Lakini kila mahali pana vinyonga wake. Katika milima ya Usambara, baadhi ya vinyonga wa Mashariki na wa Magharibi walihesabiwa kwa muda mrefu kuwa aina moja na wale wa Nguru, mpaka mwaka 2008 wataalamu walipoonyesha kwamba kila mlima una wake. Anayehamisha kinyonga kwa gari anaharibu mpangilio wa zamani kuliko vijiji vyetu.

Kumfuga moja kwa moja ni jambo jingine, nalo lina sheria zake za wanyamapori: ile ya Tanzania ya mwaka 2009, ile ya Kenya ya mwaka 2013, na mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara yao. Tanzania ilisimamisha kusafirisha wanyamapori hai nje mwaka 2016, baada ya miaka mingi ya vinyonga wetu kuuzwa Ulaya na Marekani. Jeraha likihitaji siku nyingi, wajulishe wasimamizi wa wanyamapori walio karibu nawe, TAWA kwa Tanzania au KWS kwa Kenya.

Yabaki mayai. Mama hatayarudia. Yakiwa yametagwa uani, usiyafukue hata kwa kuyahesabu. Yakiwa ndooni na ni lazima yahamishwe, yasigeuzwe: kijusi hujishikiza upande mmoja wa ganda, na yai likipinduliwa kinaweza kufa. Yahamishe na udongo wake, upande wa juu ubaki juu, yafukiwe kwenye kina kile kile mahali ambapo maji hayatuami. Yatakaa ardhini miezi mingi, hata kukaribia mwaka. Zungushia vijiti, waambie wote wa nyumbani, na fundi akija kuchimba shimo la takataka mwonyeshe upande mwingine.